Posa ya Uso wa Chuma

Jumanne, 1 Julai

Unyevu tena. Julai ya Meru itaniua kabla presha haijaniua. Nimefuta kofia zote nne kabla ya kwenda dukani, moja moja, kwa pamba na mafuta kidogo ya cherehani. Bado ile ya karibu na dirisha imeanza kutu kwenye ukingo wa nyuma. Kidoti tu. Lakini kidoti cha kutu kwenye chuma kilichofuliwa na Wajapani enzi za vita vya panga ni kama kidoti cha damu kwenye kanzu. Jicho haliendi kwingine.

Nyuso mbili nimezifuta pia. Hizi ni za chuma vilevile, za kufunika mashavu na kidevu vitani. Watu wakiziona huuliza kama ni za kutishia ndege shambani. Nimechoka kujibu.

Mwisho nikafuta vumbi pale mahali patupu, chini ya kofia kubwa, ile yenye kamba za buluu kisogoni. Kofia hiyo ina uso wake. Kamba zilezile, rangi ileile, fundi yuleyule. Uso huo uko Embu, juu ya kabati la televisheni la Njeru, na Njeru hauzi.

Mke wangu Mwanaidi kapita na chai, kasema malaika hawaingii chumba chenye sura za watu. Anasema hivyo miaka yote. Na chai huniletea humohumo.

Alhamisi, 3 Julai

Siku ya kutupa jalalani.

Asubuhi mzigo umefika kutoka Mombasa. Wakala wangu wa kule aliapa kwa mama yake: "Kofia ya samurai, orijino, mzee." Nimefungua sanduku mbele ya wateja. Plastiki. Ndani kuna kibandiko cha duka la mapambo ya sherehe. Mteja aliyekuja kutafuta alternator ya Probox alicheka mpaka akasahau alichokuja kununua.

Mchana Njeru kapiga simu. Hatujasalimiana vizuri akasema kuna mtu wa Nairobi, anayewauzia Wazungu vitu vya kale, ameuona uso kwenye picha na anautaka. Atakuja mwisho wa mwezi na gari lake. "Nimekuambia mapema ndio usiseme sikukuambia." Kisha akakata.

Ukiondoka huo, umeondoka. Utakwenda kutundikwa ukutani kwa mtu asiyejua kama kofia yake iko Majengo, Meru.

Njeru na mimi tuliuza spea pamoja hapa Makutano tukiwa vijana. Kontena za Japani zilikuja na injini, gearbox, na takataka zote ambazo Mjapani hakutaka kubaki nazo. Siku moja, kwenye buti la gari lililokatwa nusu, tukakuta blanketi. Ndani kofia na uso. Tukagawana huku tunacheka, yeye akachukua uso kwa sababu ulimchekesha, mimi kofia kwa sababu ilinienea. Hatukujua tunachokigawanya. Baadaye yeye akarudi kwao Embu, mimi nikashikwa na ugonjwa huu wa kukusanya. Hatukugombana. Tuliacha tu kutembeleana. Sasa tukiongea ni habari ya uso, naye husema hapana.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda Embu mwenyewe na pikapu. Bahasha mfukoni.

Njeru amezeeka. Mke amekufa, vijana wake wanne wako Nairobi na Thika, nyumba kubwa na redio inaongea peke yake. Uso uko palepale. Masharubu ya manyoya ya farasi bado yamesimama, meno yako wazi, mikunjo ya mashavu kama mtu aliyeonja ndimu. Koo lake lina kamba za buluu. Nilitaka kulia.

Nikatoa bahasha. Hakuigusa. Akaniambia, na naandika alivyosema nisije nikadhani niliota: "Sikiza, Yusufu. Hiyo kitu siuzi, si kwako, si kwa huyo wa Nairobi. Mimi sina msichana. Hawa vijana wanne nimewalipia ruracio, hiyo mahari yetu, mpaka nikaisha. Nimekaa kwa boma za watu nikiomba, nikiambiwa ngoja huko nje. Hakuna siku mtu amekuja kwangu kuomba. Wewe ukitaka huyu, kuja uombe kama watu. Na huyo wa Nairobi nimemwambia hivyo hivyo, amesema atakuja na wazee wa kukodi."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Nimeendesha mpaka Chuka nikiongea peke yangu. Mtu mzima. Posa ya chuma.

Jumapili, 6 Julai

Nimemweleza Mwanaidi nikitegemea angalau ashangae. Akauliza tarehe gani, na kama dera lake la kijani litafaa.

Sala ya alasiri haijafika, Shabani mchinjaji anajua. Shabani ana duka la nyama karibu na msikiti na mdomo ambao haufungwi. Alinikuta uani akasema yeye ndiye atakuwa mshenga, kwa sababu mimi sijui kuongea na watu. Ni kweli lakini inaudhi.

Majengo yote sasa wananiita bwana harusi. Muuza mandazi ameniuliza kama bibi harusi ana meno yake yote. Anayo. Ndiyo kitu kinachoonekana kwanza.

Jumatano, 9 Julai

Kikao sebuleni kwangu. Nilitaka dakika chache. Shabani alitaka bunge.

Wazee wa mtaa wamebishana nani mume nani mke. Mimi nikasema hakuna mume wala mke, ni vazi moja la vita. Nikaambiwa ninyamaze, bwana harusi haongei. Wakaamua kofia ni mume kwa kuwa ina pembe. Kisha wakabishana tutabeba nini. Mmoja akataka miraa ya Laare, kitita kizuri kilichofungwa kwa majani ya mgomba, maana bila hicho Mmeru hajaomba mke. Shabani akasema tunakwenda kwa Waembu, tubebe asali na mbuzi, na mbuzi atamchinja yeye mwenyewe huko huko ili na sisi tuweze kula. Mwishowe tukakubali vyote. Mbuzi, asali, miraa, blanketi, sukari. Blanketi la nani, nimeuliza. La mama wa binti. Mama wa binti amefariki, nikasema. Basi la shangazi.

Kichwa kinaniuma hadi kwenye meno.

Jumamosi, 12 Julai

Tumerudishwa. TUMERUDISHWA.

Tumefika Embu kabla ya adhuhuri, pikapu mbili, Mwanaidi na wanawake wa mtaani wamejitanda leso, mbuzi analia, mvua ya manyunyu. Geti limefungwa. Tukaimba kidogo. Akatoka dada yake Njeru, mama mnene wa kanisani mwenye sauti ya kuendesha kwaya, na nyuma yake wanawake wenzake.

Akauliza tumekuja kuomba nani. Shabani, kwa madaha yote, akasema tumeona ua katika boma hili. Wakacheka vizuri. Ua gani? Jina lake? Shabani akanitazama. Mimi nikamtazama mbuzi.

"Uso," akasema Shabani.

Yule mama akasema kwao hakuna msichana anaitwa Uso. Watu wanaoomba mtoto bila kujua jina lake ni watu wa njiani. Mwende, mkijua jina mrudi. Geti likafungwa. Nilimwona Njeru dirishani, amekaa kwenye kiti kikubwa, amevaa koti, mikono juu ya fimbo. Hakutabasamu. Alikuwa anafurahi kupita kiasi, namjua.

Damu imenichemka njia nzima. Mbuzi tumerudi naye. Amekojoa kwenye turubai langu jipya.

Jumatatu, 14 Julai

Sijafanya kazi ya maana. Nimempa mtu side mirror ya Fielder badala ya Axio. Nawaza jina.

Jina gani? La Kijapani? Nimejaribu kwenye simu. Nimemtumia Njeru "Sakura". Hakujibu. Nikatuma la pili. Akajibu: "Wewe umeamua kunitusi."

Nachukia mafumbo. Nikitaka mafumbo ningekuwa mwalimu.

Jumanne, 15 Julai

Mwanaidi ndiye kalipata jina, tena akiwa anapepeta mchele, bila hata kuniangalia. "Waembu wanampa mtoto wa kwanza wa kike jina la mama ya baba yake. Wewe umekaa na Njeru miaka yote ile hujui?"

Najua. Bila shaka najua. Sisi hapa majina tunayatoa kila mahali, babu zetu wametoka kila mahali, hivyo sikuwaza. Lakini mama yake Njeru aliitwa nani? Mimi nilimwita Mama. Alinipa githeri kwa sahani ya enameli kila tulipolala kwao tukitoka Nairobi na mizigo. Siku ya mazishi nilishika koleo. Jina lilikuwa kwenye msalaba mbele ya macho yangu na halinijii.

"Wawira," akasema Mwanaidi. "Alinionyesha jinsi ya kuponda mukimo usiwe na maji."

Kwa hiyo Njeru ameupa uso wa chuma jina la mama yake. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Bado nina hasira, lakini imepoteza njia kidogo.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kabla ya kulala. Nimechoka kuliko siku niliyomwozesha binti yetu Rukia.

Getini Shabani akatamka jina kwa sauti ya kuuza nyama sikukuu. Wawira. Wanawake wakapiga vigelegele, geti likafunguka. Yule dada yake Njeru alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nikadhani mambo yamekwisha. Mjinga.

Sebuleni viti vitano vimepangwa, kila kimoja kina kitu kimefunikwa leso kuanzia juu hadi chini. Desturi yao, msichana hufichwa kati ya wenzake, na bwana harusi amtambue. Bila kugusa. Ukikosea unatozwa faini.

Miaka mingapi nimevisoma vitu hivi? Naweza kukuambia umri wa kofia kwa vichwa vya ribiti. Nikatembea mbele ya viti kwa madaha, nikaona kimoja kina umbo la kidevu, bonde la shavu, nikanyoosha kidole. Wakafunua.

Helmeti ya bodaboda. Nyekundu, imepasuka kioo.

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mwanaidi, mke wangu wa ndoa, alilazimika kushika ukuta. Faini kreti za soda za wanawake wote. Shabani kaninong'oneza kwamba helmeti ni imara, nifikirie.

Nilikuwa tayari kuondoka. Kweli. Nilishachukua funguo. Halafu nikamwangalia Njeru nimwambie amenidhalilisha vya kutosha. Alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, anaangalia watu, anaangalia viti, anaangalia dari. Kila mahali isipokuwa kiti cha mwisho karibu na dirisha. Jicho likifika pale linaruka. Siku ya Rukia mimi niliangalia zulia saa nzima. Nakumbuka kila ua la lile zulia.

Nikaenda kwenye kiti cha mwisho nikasema, huyu hapa.

Wakafunua. Masharubu, meno, kamba za buluu.

Shabani alichinja, tukala, wazee wakapokea asali. Yule wa Nairobi kumbe alipiga simu jana kusema mambo ya wazee na mbuzi ni mengi, atatafuta kwingine. Njeru alisimama atoe maneno ya baba. Alisema tu, "Mtunze. Hapendi baridi." Akakaa. Mzee mzima analia mbele ya watu kwa ajili ya chuma, na mimi naangalia zulia lake, na nimekasirika kwa sababu naliangalia.

Jumapili, 20 Julai

Imekaa. Nimepandisha uso kwenye mti wake wa kusimamishia, nikashusha kofia juu yake, nikafunga ugwe wa kidevu kwenye ndoano zake mbili. Hakuna pengo. Kamba za koo na kamba za kisogo zimekutana kama hazijawahi kuachana. Nusu mbili zilizotoka kwenye blanketi moja.

Nimemwita Mwanaidi aone. Akasema, "Maskini Njeru." Mimi nimeoanisha kitu ambacho makumbusho ya huko duniani yangekililia, na neno lake ni maskini Njeru.

Jumatano, 23 Julai

Njeru kapiga. Amelala vizuri?

Nani?

Wawira.

Nikamwambia amelala vizuri. Nimekubali kujibu swali hilo kwa sababu nilikuwa na wateja. Kosa kubwa.

Ijumaa, 25 Julai

Kapiga jana. Kapiga leo mara mbili. Kuna baridi huko? Umemweka karibu na dirisha? Watoto wa jirani hawamgusi? Ananiita muthoni sasa, yaani mkwe, na kila akiniita nasikia mzigo ukiongezeka mgongoni. Mkwe huwezi kumkatia simu.

Nimemhamisha kutoka dirishani. Si kwa sababu ya Njeru. Ni unyevu.

Jumatatu, 28 Julai

Sasa Njeru anataka Wawira arudi kusalimia kwao. Binti akishaolewa lazima arudi nyumbani kuonekana. Nikamwambia Njeru, chuma hakisalimii. Akasema, "Ni sawa, muthoni," akakata polepole.

Nikamlalamikia Mwanaidi. Kwamba nimetoa mbuzi, asali, miraa, blanketi, soda, heshima yangu yote Majengo. Kwamba nikiurudisha uso pale, nani atanihakikishia kama utatoka? Kwamba nimesubiri nusu ya maisha yangu na sijakaa nao hata wiki mbili.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rukia alipoolewa, nani alimpigia mkwe simu kila siku kuuliza kama amekula?"

Nimekwenda kufuta kofia ambazo nilishazifuta.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimempeleka.

Nilisema peke yake, uso tu, nimfunge kwenye blanketi, nimkalishe pale, ninywe chai, nirudi naye jioni. Asubuhi nikiwa nafunga nimechukua na kofia. Sijui kwa nini. Nilijiambia ni kwa sababu kamba zitasuguana nikizifungua mara kwa mara. Sababu nzuri. Uongo.

Njeru alikuwa getini. Juu ya kabati la televisheni hakuna kitu, hata kitambaa hakuweka, na pale ulipokuwa ukikaa mbao ina rangi tofauti. Redio haikuwa inaongea. Alisema imeharibika. Haijaharibika, niliiona imechomolewa. Alisema hana sababu ya kuiwasha, zamani alikuwa anamwambia Wawira habari za asubuhi, nani amekufa, bei ya macadamia. Alisema hivyo akimimina chai, kama anaeleza hali ya hewa.

Tukazungumza mpaka jua likashuka. Si habari ya uso. Habari ya kontena, ya yule mteja wa Laare aliyenunua injini akarudisha na kuku ndani, ya mama yake. Sikumbuki lini tuliongea hivyo.

Wakati wa kuondoka nikausimamisha mti wangu juu ya kabati lake. Nikaweka uso. Nikaweka kofia. Nikafunga ugwe. Njeru akauliza nafanya nini.

Nikamwambia mume hawezi kumwacha mke kwao peke yake. Watu watasema nini?

Njeru alikaa chini.

Mjinga ni mimi. Nimeendesha usiku pikapu tupu, nimejitukana kwa Kiswahili na Kimeru, na kwa kile Kijapani kidogo ninachokijua.

Jumapili, 3 Agosti

Manyunyu. Nimefuta kofia tatu na nyuso mbili. Kile kidoti cha kutu kimetoka.

Mwanaidi kaleta chai. Ameona rafu, hakusema habari ya malaika.

Saa nne Njeru kapiga. Nyuma yake nimesikia redio. Akauliza kofia inafutwaje. Nikamwambia pamba na mafuta ya cherehani, kidogo sana, na asithubutu kutumia mafuta ya taa. Akarudia maneno yangu polepole. Akauliza kamba zinafutwa pia? Kamba usiguse. Sawa, muthoni.

Halafu akauliza nakuja lini.

Nikasema Jumamosi.

"Kuwachukua?"

Kuwaona, nikasema.

Nimefuta vumbi pale palipo wazi, nikaenda kunywa chai kabla haijapoa.